Taa ya breki imewaka: uende kwa wakala, gereji ya mashine au fundi wa mtaani?

Taa nyekundu ya breki ikiwaka kwenye dashibodi, wengi wetu tunampigia fundi tuliyemzoea. Anafungua tairi, anaangalia pedi, anasema zimekwisha, anafunga mpya, na jioni gari linarudi barabarani. Mara nyingi yuko sahihi. Tatizo ni zile mara ambazo pedi hazikuwa na kosa: umelipia pedi, ukalipia kuchonga diski, ukalipia masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali), na taa bado inakutazama. Kufikia hapo umeshatumia zaidi ya gharama ya kazi iliyotakiwa tangu mwanzo, na pengine kasoro yenyewe kiwanda kilishaikiri miaka mingi iliyopita na kuita magari yake yarudishwe kutengenezwa bure.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha wakala wa kiwanda, gereji ya mashine (ile huru yenye kompyuta ya kupima gari) na fundi wa mtaani, nasema msimamo wangu. Swali la nani atengeneze linakuja la pili. La kwanza ni kama breki imechakaa kwa matumizi au gari lilitoka kiwandani na kasoro. Jibu la hilo ndilo linaloamua uende wapi na ulipe nini.

Iliyochakaa na iliyozaliwa na kasoro

Pedi, shuu, diski na mafuta ya breki ni vitu vya kuisha. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi, na ikibaki 3 muda wake umefika. Diski nayo ina kipimo cha chini kabisa, mara nyingi kimegongwa pembeni au katikati yake kwa herufi MIN TH. Kipimo hicho ndicho cha kumwonyesha fundi anayetaka kuichonga kwa mara ya tatu. Kwa vitu hivi hakuna wa kumdai. Ni gharama za kumiliki gari, sawa na tairi.

Kasoro ya kiwanda ni habari nyingine. Oktoba 2010 Toyota iliita magari takriban milioni 1.53, mengi yakiwa Marekani na Japani, na mengi kati yake kwa sababu ya mpira mdogo ulio ndani ya masta silinda. Mpira huo uliweza kukauka na kujikunja pale mafuta ya breki yaliyoongezwa baadaye yalipokosa viambato fulani vya kuulainisha. Mafuta yanaanza kuvuja, taa inawaka, na usipojali pedali inaanza kuzama. Sasa mfikirie fundi anayeona uvujaji huo Kariakoo au Ngara. Ataagiza masta silinda na kuifunga, na kwa kazi yake hatakuwa amekosea. Ila hakuna mtu atakayekuwa amejiuliza kama bili ile ilikuwa yako kweli.

Prius ya kizazi cha tatu, ile yenye mwili wa ZVW30, imepitia mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. Februari 2010 iliitwa pamoja na haibridi (magari ya petroli na umeme) nyingine za Toyota na Lexus, jumla magari 437,000 hivi duniani, kurekebishwa programu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla. Hiyo ilikuwa kazi ya kompyuta tu, hakuna spea iliyobadilishwa. Juni 2013 ukaja wito mwingine wa magari 242,000 hivi, Prius na Lexus HS250h yaliyotengenezwa 2009, na safari hii kosa lilikuwa kwenye chuma chenyewe. Breki ya haibridi hiyo ina akyumuleta inayohifadhi mgandamizo kwa kutumia gesi ya nitrojeni. Utando wake uliweza kupasuka kwa uchovu, gesi ikaingia kwenye mafuta ya breki, na pedali ikaanza kudanganya. Kubadilisha pedi hapo hakusaidii chochote.

Wenye Mercedes-Benz nao wamo. Juni 2022 kampuni iliita karibu magari milioni moja ya ML, GL na R yaliyotengenezwa kati ya 2004 na 2015, kwa sababu kutu inaweza kula busta ya breki, kifaa kinachoongezea mguu nguvu kwenye pedali. Wenye magari hayo waliambiwa wasiyaendeshe kabisa hadi yakaguliwe. ML za miaka hiyo zinapita kila siku Dar, Nairobi na Kampala, na nyingi zimeshabadilisha mikono mara kadhaa tangu zilipotoka dukani.

Gari lilitoka wapi?

Hapa ndipo mtumba unapotofautiana na gari lililonunuliwa jipya, na hata mtumba kwa mtumba.

Gari la Japani lina tabu yake. Barua ya wito hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa kule. Likishafutwa kwenye usajili na kupakiwa melini, barua haina pa kwenda. Zaidi ya hapo, gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya herufi na tarakimu 17. Lina namba ya chesi fupi: msimbo wa mwili, kistari, kisha tarakimu, kwa mfano inayoanza ZVW30 au NZE121. Ukiiingiza kwenye tovuti ya serikali ya Marekani itakataliwa, na watu wengi hukata tamaa hapo wakidhani gari lao ni safi. Tovuti sahihi ni ile ya Kijapani ya kiwanda husika. Toyota, Nissan na Honda zote zina ukurasa wa kuingiza msimbo wa mwili upande mmoja na tarakimu upande mwingine. Ni Kijapani kitupu, lakini kivinjari cha simu kinatafsiri vya kutosha kukuonyesha kama kuna kazi ambayo haijafanyika. Angalia pia nguzo ya mlango wa dereva. Kazi ya wito ikifanyika Japani, mara nyingi hubandikwa stika ndogo yenye namba mahali hapo, na wauzaji wetu huzibandua wakiosha gari bila kujua walichokibandua.

Gari la Uingereza ni rahisi zaidi, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo linaloyapa magari ya kule alama ya ziada. Ukiwa na namba ya pleti yake ya kule, unaweza kuangalia wito wa kiwanda kwenye tovuti ya serikali na pia historia ya MOT, yaani ukaguzi wa kila mwaka. Historia hiyo ni bure, na inaandika hadi "pedi za mbele zimekwisha" au "paipu ya breki ina kutu", pamoja na kilomita au maili zilizosomwa siku hiyo. Kutu kwenye paipu za breki ni ugonjwa wa magari ya Uingereza, kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi, hivyo usome historia hiyo kwa makini.

Gari lililonunuliwa jipya kwa wakala wa hapa halihitaji maneno mengi. Kumbukumbu ziko kwake. Mpigie.

Msomaji aliyeko Marekani ana haki ambazo sisi huku tunazitamani. Kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, unaingiza namba ya tarakimu 17, na kazi ya wito hufanywa bure kwa gari ambalo halijapita miaka 15 tangu liuzwe kwa mnunuzi wa kwanza. Na kama ulilipa mwenyewe kutengeneza kasoro ileile kabla wito haujatangazwa, kampuni hutakiwa kuwa na utaratibu wa kukurudishia fedha. Risiti ya gereji ndiyo ushahidi wako.

Je, wito uliotangazwa Japani unakupa haki Dar au Mombasa? Kwa gari la mtumba, usiende ukiwa na uhakika huo. Wakala wa hapa hakukuuzia wewe. Lakini muulize, na umuulize kwa maandishi: namba ya chesi, namba ya wito kama umeipata, na swali moja kama atafanya kazi hiyo na kwa masharti gani. Barua pepe inatosha. Hata akikataa, umeshajua ni kifaa gani chenye kasoro, na hakuna fundi atakayekuuzia pedi badala yake. Kwa gari ambalo wakala huyohuyo alikuuzia jipya, akisuasua, Tanzania iko Tume ya Ushindani, FCC, na Kenya iko Mamlaka ya Ushindani, CAK. Zote zina jukumu la kumlinda mlaji.

Wakala, gereji ya mashine, fundi wa mtaani

Tuziweke kazi mezani moja baada ya nyingine, maana hakuna gereji iliyo bora kwa kila kitu.

Kazi ya pedi za mbele kwenye IST, Vitz au Probox isiyo haibridi mpe fundi wa mtaani. Kumpeleka wakala kwa kazi hiyo ni kulipia kiyoyozi cha chumba cha kusubiria. Fundi mzuri anaifanya mbele ya macho yako, unaona pedi zinazotoka na zinazoingia, na unaweza kumsimamia asafishe na kulainisha pini za kalipa (kibanio kinachobana pedi kwenye diski) badala ya kuzirudisha na vumbi lake. Udhaifu wake ni mazoea. Kuna anayepiga msasa pedi zilizokauka ili zisipige kelele. Kuna anayeongeza mafuta ya breki kutoka kwenye chupa iliyokaa wazi wiki nzima. Mbaya kuliko wote ni anayezima taa ya ABS kwa kutoa balbu au kukata waya. Mtu wa namna hiyo usimrudie hata kwa kubadilisha tairi.

Kubadilisha mafuta ya breki yote ni kazi ambayo fundi wa mtaani anaiweza pia, lakini hapa simama karibu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 hivi, ila ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na ikilowa hushuka hadi 155. Ukishuka Kitonga au Sekenke na gari limejaa, mguu haubanduki kwenye pedali, na mafuta yaliyolowa yanachemka ndani ya kalipa. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, na pedali inazama hadi sakafuni. Huko ndiko kufeli breki kunakoandikwa magazetini bila sababu kuelezwa. Japani gari hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya mwanzo kisha kila miaka miwili, na gereji nyingi hubadilisha mafuta ya breki wakati huohuo. Huku tunabadilisha yakianza kuvuja. Nunua chupa iliyofungwa, ifunguliwe ukiona, na usikubali kamwe mafuta ya hydroliki au ya pawa stering yawekwe kwa dharura. Yanavimbisha mipira yote ya mfumo, na hapo hubadilishi kitu kimoja tena.

Gari lenye hendibreki ya umeme, ile ya kitufe, halifai kwa fundi asiye na mashine hata kama kazi ni pedi za nyuma tu. Pistoni ya nyuma inatakiwa irudishwe kwa amri ya kompyuta. Ikisukumwa kwa nguvu, mota yake inavunjika, na kazi ya pedi imegeuka kuwa kazi ya kalipa mpya. Hapa gereji ya mashine inashinda. Nazungumzia gereji huru zenye kompyuta ya kusoma na kuamuru, ambazo siku hizi ziko miji yote mikubwa. Gharama zake ni za kati, na fundi wake kwa kawaida amezoea aina fulani za magari. Muulize kabla hujaingia: mashine yako inasoma ABS, au inasoma injini peke yake? Mashine nyingi za bei rahisi zinaishia kwenye injini, na mwenye gereji hatakwambia mpaka uulize.

Haibridi ndiyo kazi iliyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayowamaliza watu kifedha. Pedi za Prius au Aqua hudumu sana kwa sababu mota ya umeme ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, lakini kwa kutotumika sana pini za kalipa hukwama. Hilo ni dogo. Kubwa ni pampu ya ABS na akyumuleta yake. Dalili yake ni ya kusikia zaidi ya kuona: gari limesimama, hujagusa pedali, na pampu inanguruma kisha kunyamaza kila baada ya sekunde chache. Mgandamizo unavuja ndani kwa ndani. Misimbo ya kosa inayosomwa na mashine mara nyingi ni C1391, C1252 au C1256. Fundi wa mtaani akiona taa tatu zimewaka pamoja atafikiria sensa ya gurudumu, na utabadilisha sensa.

Kwa kazi hii linganisha wakala na gereji ya mashine tu. Wakala ana programu ya kiwanda, Techstream kwa Toyota, na ana namba ya spea sahihi, lakini makadirio yake yanaweza kukutoa machozi. Hata Marekani, wenye Prius wamekuwa wakipewa bili ya zaidi ya dola 2,000 kwa kazi hiyo. Gereji huru yenye Techstream na fundi aliyewahi kuifanya inaweza kushusha sehemu ya ufundi kwa kiasi kikubwa, spea ikibaki ileile. Masharti ni mawili: atoe upepo kwenye mafuta ya breki kwa kutumia mashine, na baada ya kufunga afanye zoezi la kuifundisha kompyuta vipimo vya valvu mpya. Asiyejua unachosema ukimtajia zoezi hilo, mshukuru na uondoke.

Orijino, mbadala au mtumba

Kwenye pedi nina maoni makali kidogo. Orijino ya Toyota ni nzuri, lakini haizidi sana mbadala wa Akebono au Advics, na Advics ni kampuni iliyoanzishwa 2001 na akina Aisin, Denso na Toyota wenyewe. Hofu yangu ni boksi la Toyota lililochapishwa uchochoroni. Pedi za mbele za Toyota huwa na namba inayoanza 04465, za nyuma 04466, na shuu 04495. Namba hiyo ilingane na gari lako, si na maneno ya muuzaji. Nikilazimika kuchagua kati ya orijino ya kutiliwa shaka na mbadala wa jina kutoka duka linalotoa risiti, nachukua mbadala bila kusita.

Diski ya mtumba inakubalika ikipimwa unene na haijapinda. Kalipa ya mtumba pia, mradi ibadilishwe mipira. Masta silinda ya mtumba siinunui, kwa sababu kinachokufa ndani yake ni mpira, na wa mtumba una umri uleule wa ulioufungua.

Pampu ya ABS ya mtumba ndiyo mtego. Kwenye masoko ya spea ya Gerezani (Dar), Kirinyaga Road (Nairobi) na Kisekka (Kampala) utaipata, na bei yake itakuvutia ukiilinganisha na mpya. Lakini imetoka kwenye gari la umri kama wako, imefanya kazi mamilioni ya mara kama yako, na kama ni ya 2009 huenda ni ya wito uleule unaoukimbia. Ukiamua kuichukua, chukua iliyotoka kwenye gari la mwaka wa baadaye lenye namba ya spea inayokubaliana, muuzaji akuandikie muda wa kuirudisha, na ifungwe na kupimwa kabla muda huo haujaisha. Wauzaji wengi wa mtumba hutoa siku chache tu, na gari huwa bado liko juu ya mawe siku hizo zikiisha.

Bili imekuja, fedha haipo

Omba makadirio yaliyoandikwa, yakitenganisha spea, ufundi na upimaji. Yanayoandikwa kwa jumla hayalinganishiki. Chukua ya gereji mbili siku moja, maana bei za spea hufuata dola. Fedha zikikuruhusu jambo moja tu, lipia upimaji wa kweli kwanza. Misimbo ikichapishwa au kupigwa picha, unaibeba popote, na gereji ya pili haina sababu ya kukuanzishia sifuri.

Kama gari ni la haibridi na makadirio ya pampu mpya yanakaribia nusu ya bei ambayo ungeliuza likiwa zima, kuuza ni chaguo halali, ila uza ukisema kasoro iliyopo. Kulitembeza "taratibu mpaka mwisho wa mwezi" si chaguo. Breki ya haibridi hiyo inategemea mgandamizo wa pampu. Ukipotea, inabaki ya akiba inayohitaji mguu wenye nguvu zaidi na umbali mrefu zaidi wa kusimama.

Ambaye bado hajanunua ana nafasi nzuri kuliko wote. Mwombe muuzaji picha ya namba ya chesi kabla ya kutuma fedha, iingize kwenye tovuti ya kiwanda usiku huohuo, na kama gari liko yadi ya hapa, liwashe, zima redio, kaa kimya dakika chache. Pampu ikinguruma mara kwa mara bila mtu kugusa pedali, toa bei ya pampu nzima kwenye bei anayoitaka, au mrudishie funguo.